Herufi zenye ukungu

Jumamosi iliyopita nilimwendea fundi simu wa duka la pili nikamwomba aniazime lenzi yake, ile ya kubana jichoni anayoangalizia sakiti. Akaniuliza, "Vipi mama, umeangusha pini?" Nikamwambia hapana, nataka kuiangalia herufi m. Alicheka, lakini akanipa. Nikarudi dukani, nikavua miwani, nikaibana lenzi, nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Kijana aliyekuwa anasubiri kopi za cheti chake cha kuzaliwa alinyamaza ghafla. Nadhani alikuwa anajiuliza kama aje kesho.

Nilichokiona nitakifikia. Kwanza nieleze mtu mzima mwenye shughuli zake anafikaje mahali pa kukagua m kwa lenzi.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Kopi, kuchapa barua, CV, kadi za mialiko, laminesheni, ripoti za wanafunzi wa vyuo. Kompyuta ni moja, laptopu ya mtumba ya inchi 14. Mpaka mwaka jana nilikuwa kwenye Windows, na kilichonitoa huko ni flashi za wateja. Aliyewahi kufanya kazi hii hahitaji kuelezwa: mteja anakuja na flashi, unachomeka, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, faili halisi zimefichwa, na wewe ukishabonyeza moja tu, mteja anayefuata anaondoka na ugonjwa kutoka dukani kwako. Kwa mwaka mmoja nilipigiwa Windows upya mara nne, na kila mara fundi analipwa.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma, alikuja likizo akaniona nahangaika. "Shangazi, tuweke Linux, upumzike." Yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Tukaweka. Wiki hiyohiyo nikanunua skrini ya pembeni, nikaisimamisha wima kama mlango, ili ukurasa wa A4 uonekane wote bila kusogeza juu na chini. Kwa upande wa virusi nimepumzika kweli. Flashi ikija na uchafu nauona wote umelala pale kama mende kwenye chupa, naufuta, mwenyewe anarudishiwa mali yake. Kijana akarudi chuo. Mimi nikabaki na herufi.

Siku za mwanzo sikujua hata nilalamikie nini. Herufi hazikuwa kubwa mno wala ndogo mno. Zilikuwa na ukungu, kama mtu amekipulizia kioo pumzi akaondoka. Ikifika jioni kichwa kinagonga. Nikafuta kioo kwa kitambaa na spiriti. Nikapandisha mwanga, nikaushusha. Nikasema basi ni macho, umri huo. Nikaenda kupimwa, nikalipa, nikaambiwa namba ya miwani ni ileile ya miaka miwili nyuma. Hapo ndipo nikampigia kijana simu. "Ah, shangazi, hilo ni suala la hinting tu. Ingia kwenye mipangilio ya mwonekano, upande wa fonti." Tu! Lile neno "tu" mpaka leo namdai.

Nikaingia. Pale pa kuchagua fonti sikuona shida. Chini yake kuna maswali manne ambayo tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa. Kingo za herufi zilainishwe au zisilainishwe? Hinting iwe hakuna, kidogo, wastani au kamili? Mpangilio wa pikseli ndogo uwe hakuna, RGB, BGR, RGB wima au BGR wima? Na DPI ngapi?

Nitaeleza nilivyokuja kuelewa, maana nilielewa polepole na kwa maumivu. Herufi iliyomo ndani ya faili ya fonti si picha. Ni mchoro wa mistari na mikunjo, kama karatasi ya kukatia ya fundi cherehani: ukitaka shati la mtoto au la mtu mzima, mchoro ni huohuo, unaukuza tu. Kioo nacho ni vijumba vya taa, ndizo pikseli, safu kwa safu. Sasa nguzo ya herufi l ikitua katikati ya vijumba viwili, kompyuta ifanyeje? Inaweza kuisukuma ikae kwenye kijumba kimoja, herufi ikawa kali lakini umbo lake limeguswa. Au inaweza kuuacha mchoro ulivyo na kuviwasha vijumba vyote viwili nusunusu. Umbo linabaki salama, weusi unageuka kijivu. Kule kusukuma ndiko hinting. Watu wa Windows kwa miaka mingi wamezoea herufi zilizosukumwa, watu wa Mac wamezoea zilizoachwa, na kila upande ukitazama kioo cha mwenzake unaona kuna kasoro. Linux haina mwenye nyumba wa kukuamulia. Inakuuliza wewe, saa tatu usiku, na kesho una kadi 200 za harusi.

Nikachagua kamili, kwa sababu neno lenyewe linatia moyo. Herufi zikawa kali kama wembe. Lakini tazama neno "mwanafunzi": m na w zimebanana kama abiria wa daladala, halafu a na n zimeachiana nafasi kana kwamba wamegombana. Kila herufi imesukumwa kivyake bila kumwangalia jirani. Nikarudi kwenye wastani. Nikaenda kidogo. Nikaanza kufanya kama anayeonja mchuzi: onja, ongeza chumvi, onja, na baada ya mara kumi ulimi haujui tena chumvi ni nini.

Kuhusu DPI sitasema mengi. Kioo cha laptopu kina pikseli 1366 kwa 768. Ukipiga hesabu kwa inchi 14 unapata kama pikseli 112 kwa kila inchi, na mfumo ulikuwa unachukulia 96. Nikaandika 112 kwa uaminifu wangu wote. Kila kitu kikanenepa, vidirisha vikarefuka mpaka vitufe vya chini vikazama nje ya kioo, na huwezi kubonyeza usichokiona. Dawa yake ni kushika kitufe cha Alt na kuliburuta dirisha kwenda juu kwa kipanya. Niliijua baada ya saa nzima.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba ukipata jibu, ni jibu la dirisha moja. Niliandika sentensi ya majaribio, "Mama mmoja mwenye miwani", yenye m za kutosha kumchosha fundi yeyote, nikaifungua mahali panne. Kwenye kihariri cha kawaida ilikuwa nzuri. Kwenye LibreOffice ilikuwa imepauka kidogo. Kwenye Firefox ilinenepa. Kwenye kisomeaji cha PDF nilichokiweka kwa njia ya Flatpak ilikuwa kama haijawahi kusikia habari ya mipangilio yangu, na kumbe haijasikia kweli: programu za namna hiyo huja zimefungwa kwenye sanduku lao, zina folda yao ya mipangilio ndani ya folda iitwayo .var, na ulichoandika nje hakisomwi. Tena kuna programu mpya zilizojengwa kwa GTK, yaani vifaa vya kujengea madirisha ya programu, toleo la 4, lililotoka mwaka 2020, ambalo liliachana kabisa na mtindo wa kutumia pikseli ndogo za rangi. Hizo hata ukizibembeleza namna gani zitakupa kijivu. Kwa hiyo mezani kwangu kulikuwa na wenyeji wanne, kila mmoja ana jiko lake.

Haya yote ningeyavumilia, kwa sababu ni macho yangu na kichwa changu. Kilichokuja kuniumbua ni CV ya mwalimu.

Alikuja mchana, anawahi usaili, CV yake iko kwenye flashi, kurasa mbili safi. Nikafungua, nikatoa kopi tatu. Akaangalia. Akageuza. "Dada, mbona kuna ukurasa wa tatu?" Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja tu, namba ya simu ya mdhamini wa mwisho, uko peke yake juu kabisa kama mtu aliyeachwa na basi. Na herufi zote zilikuwa pana, nzito, si alizoandikia yeye. Nikamwambia pengine faili lina tatizo. Akasema jana amelifungua kwa rafiki yake halikuwa hivyo. Foleni nyuma yake watu watano. Nikapunguza ukubwa wa herufi, nikapunguza pambizo, nikabana, ikaingia kurasa mbili, akaondoka bila kuniaga. Alikuwa na haki.

Usiku nikajifunza amri moja ambayo nimeipenda kuliko zote: fc-match. Unaiandika, unaweka jina la fonti, nayo inakuambia ukweli: ukiniomba hii, nitakupa ipi. Nikaandika fc-match Calibri. Ikanijibu DejaVu Sans. Ndiyo hiyo. Calibri ni nyembamba, na tangu Office ya 2007 mpaka juzijuzi ndiyo iliyokuwa inakuja yenyewe ukifungua karatasi mpya, kwa hiyo nusu ya CV za nchi hii zimeandikwa nayo bila wenyewe kujua. DejaVu ni fonti nzuri, inasomeka, ina herufi za lugha nyingi, lakini ina mabega mapana. Ukimwalika mtu mwembamba akaja mwenye mabega, kiti hakitoshi, mistari inafurika.

Nikasoma mahali kwamba dawa ni kuweka fonti za Microsoft, zile walizozitoa bure kwa ajili ya tovuti kuanzia 1996 mpaka 2002 walipoacha. Ruhusa yake bado ipo ilmradi zigawiwe kama zilivyofungashwa, ndiyo maana kuna kifurushi kidogo ambacho hakibebi fonti zenyewe, kinazifuata kwenye intaneti na kukuwekea. Nikaandika amri. Kikatokea kisanduku cha kijivu katikati ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kimejaa masharti ya leseni, na chini yake neno Ok. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikabofya kwa kipanya. Mishale inashusha na kupandisha maandishi tu. Nilikaa mbele ya kisanduku kile kama niko mbele ya afisa aliyekwenda kunywa chai. Kumbe unatakiwa ubonyeze Tab kwanza, lile neno Ok lipate rangi, ndipo Enter isikike. Hakuna mahali kisanduku kinasema hivyo.

Nikapita. Zikashuka Arial, Times New Roman, Georgia, Verdana, hata Comic Sans ambayo walimu wa chekechea hawawezi kuishi bila. Nikarudia fc-match Calibri. DejaVu Sans. Bila shaka! Ugawaji ule ulisimama 2002, Calibri ikaingia na Office ya 2007. Nilikuwa nimempigia magoti afisa wa ofisi isiyokuwa yangu.

Basi nikafanya jambo ambalo kijana alinigombeza baadaye. Kwenye diski ya nje nilikuwa na folda ya fonti niliyoihifadhi kutoka Windows ya zamani. Nikaitoa Calibri humo, nikaitia kwenye folda ya fonti, .local/share/fonts, nikapiga fc-cache, amri ya kuuambia mfumo uzihesabu fonti upya. CV zikakaa sawa. Nikafurahi siku moja. Siku ya pili nikafungua barua pepe ya mteja iliyoandikwa kwa Calibri ndogo na nikaona herufi zimekatika meno, kama karatasi ya faksi ya mwaka 1995. Zikiwa kubwa ni laini, zikiwa ndogo ni ngazi tupu. Sababu yake ni kwamba ndani ya faili la Calibri, mbali na ile michoro, kuna picha za vidoti za ukubwa mdogo zilizotiwa makusudi, na Linux ikiona picha iko tayari inaona ya nini kuchora. Unatakiwa uiambie: picha hizo zipuuze. Na kuiambia ni kuandika faili liitwalo fonts.conf, kwa XML.

XML kwa asiyeijua ni maandishi ambayo kila ulichokifungua lazima ukifunge kwa jina lake, kwa mpangilio wake, kama sufuria na mifuniko. Nikanakili mfano, nikabadilisha neno hili na lile, nikahifadhi, nikafunga programu, nikafungua. Hakuna kilichobadilika. Nikajaribu mfano mwingine. Hakuna. Nikazima kompyuta nikawasha. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usiku wa tatu, kwa bahati tu, nikapiga fc-match kwenye terminali nikaona juu ya jibu mstari ambao sikuwa nimeuona kabla: kosa la Fontconfig, ile sehemu ya mfumo inayochagua fonti, mstari wa 14, kifuniko hakilingani. Nilikuwa nimesahau mkwaju mmoja, alama hii /, na faili zima likawa linatupwa. Kwa siku tatu nilikuwa nahariri karatasi iliyoko kwenye pipa. Na malalamiko yake yote mfumo ulikuwa unayasema, ila unayasemea terminali peke yake. Ukifungua programu kwa kubofya picha yake husikii kitu. Nikatia mkwaju. Herufi zikalainika mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele, mlinzi wa duka la vitenge akaja kuuliza kuna nini.

Halafu kijana akaniambia leseni ya Calibri hainiruhusu kuihamisha hivyo, niifute, niweke Carlito. Carlito imetoholewa kutoka fonti ya Lato na kupimwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa ile ya Calibri. Mdomo si wake, lakini viatu vinamtosha. Caladea inafanya hivyohivyo kwa Cambria, na Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007, zinafanya kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Amri moja, dakika mbili. Siku tatu za XML zilikuwa sadaka. Sasa kuna Aptos, ambayo Microsoft waliitangaza 2023 kuchukua nafasi ya Calibri, na hiyo mimi sina pacha wake. Mteja akija na Aptos namwomba akaniletee PDF.

Mtu ataniuliza, kwani hukusoma maelekezo? Nimesoma, jamani, pengine kuliko wengi. Tatizo ni kwamba maelekezo ya herufi kwenye Linux ni kama dawa, kabla hujameza angalia tarehe, na wengi waliyaandika bila tarehe. Ukikuta mtu anakuambia hinting ya kweli imezimwa na uijenge upya maktaba ya FreeType, ile inayochora herufi, mwenyewe, huyo aliandika kabla ya 2010, kwa sababu mpaka Mei ya mwaka ule Apple walikuwa na hataza juu ya namna fonti za aina ya TrueType zinavyosukuma herufi, na zilipokwisha FreeType wakaiwasha katika toleo la 2.4. Ukikuta anakusihi uweke viraka vya Infinality, vya kurekebisha mwonekano wa herufi, huyo ni wa miaka michache iliyofuata. Toleo la 2.7 la mwaka 2016 lilileta namna mpya ya kusukuma iliyofanya viraka vile visihitajike tena kwa wengi. Ukikuta anakuonya kuhusu hataza za ClearType, ule ujanja wa Microsoft wa kulainisha herufi kwa pikseli ndogo za rangi, hizo zilikwisha 2019. Kila mmoja wao alisema kweli siku aliyoandika. Mimi nilimeza zote kwa pamoja.

Ngoja niseme na la ustadhi. Alikuja kutengenezewa tangazo la maulidi ya madrasa, na alitaka nusu ya juu iwe Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika wazee wa pwani. Maandishi yalikuwa kwenye simu yake, akanitumia. Kwenye kompyuta yangu yakafunguka yameinama, kila neno linateremka kutoka kulia kama mtu anashuka ngazi za baraza. Ustadhi akaweka miwani. "Mwanangu, hii khati ya Kiurdu. Nani kaiandika?" Hakuna aliyeiandika. Wiki moja kabla, kwa uroho, nilikuwa nimeweka familia nzima ya Noto, fonti za lugha chungu nzima, ili kisikose chochote, na mfumo ulipoombwa herufi za Kiarabu ukachukua Noto Nastaliq Urdu uliyoikuta mbele.

Nikaibadilisha kwa fonti nyingine ya Kiarabu niliyokuwa nayo. Ikawa naskhi, imesimama vizuri, isipokuwa kwenye neno "vijana". Sauti ya v Kiarabu hakina, kwa hiyo sisi tunaandika ڤ, fe yenye nukta tatu. Fonti ile haikuwa nayo. Mfumo ukaiazima herufi hiyo moja kwenye fonti nyingine, ikaja nene, haijashikana na mwenzake, imekaa katikati ya neno kama jino la bandia. Ustadhi aliigusa kwa kidole kwenye kioo. "Hii imeumwa," akasema.

Tulimalizana kwa Amiri, fonti ya bure iliyochorwa kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo. Ina ڤ, ina پ, ina چ, na inaziunganisha inavyopaswa. Ustadhi aliiangalia kimya muda mrefu, akaniambia inafanana na vitabu vya babu yake. Baadaye, kwa udadisi tu, nikaandika fc-list :lang=sw, yaani nionyeshe fonti zote zinazokijua Kiswahili. Ikatoka orodha ndefu isiyo na mwisho, karibu kila fonti iliyomo. Kwa Fontconfig Kiswahili ni A mpaka Z, basi. Ya ustadhi hayamo.

Sasa turudi kwenye lenzi.

Baada ya yote hayo, hati zinakaa, tangazo limetoka, lakini jioni kichwa bado kinagonga. Na kulikuwa na jambo dogo nililoliona na kulipuuza: kazi nikiifanya kwenye laptopu ni afadhali, nikiihamishia kwenye skrini iliyosimama ukungu unarudi. Faili lilelile, mipangilio ileile.

Kwa lenzi, kioo cha laptopu kilikuwa hivi: kila kijumba ni vijiti vitatu vya taa vilivyosimama, chekundu, cha kijani, cha bluu, vinafuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Nguzo za m zilikuwa nyeusi, na pembeni mwake vile vijiti vimezimwa kimojakimoja kwa ustadi, ili ukingo uweze kukaa hata kwenye theluthi ya kijumba. Ndiyo ile RGB ya kwenye menyu. Ni ujanja mzuri kweli. Nikahamia kwenye skrini ya pembeni. Vijiti vilevile, lakini vimelala. Chekundu, cha kijani chini yake, bluu chini kabisa. Kwa sababu skrini imesimama wima! Mimi ndiye niliyeigeuza. Mfumo ulikuwa unazipaka herufi rangi za pembeni ukidhani vijiti vimesimama, na kwenye vijiti vilivyolala hesabu ile inatoka kinyume: kila nguzo ya m ina upande wa kushoto mwekundumwekundu na wa kulia wa bluu, kama kanga iliyochuja maji ya kwanza. Bila lenzi rangi hizo huzioni. Unaona ukungu.

Ndipo nikaielewa ile "RGB wima" kwenye menyu, ambayo miezi yote nilidhani ni ya watu wa maabara. Nikaichagua. Skrini iliyosimama ikasafika papo hapo, na laptopu ikachafuka, kwa sababu mpangilio ni mmoja kwa vioo vyote viwili, na vijiti vya kimoja vimelala, vya kingine vimesimama. Nikacheka mpaka kijana wa cheti cha kuzaliwa akaacha pesa mezani na kutoka.

Nimeweka hakuna. Rangi zimezimwa kote, kingo ni za kijivu tu, hinting kidogo, DPI 96, na herufi za kusomea nimezipandisha kutoka pointi 10 hadi 11. Ukali umepungua kidogo kwenye laptopu. Kichwa kimeacha kugonga tangu Jumatatu.

Jumatano kijana kaja likizo. Kaweka begi, kakaa kwenye kiti changu, kaangalia kioo, kakunja uso. "Shangazi, mbona herufi zako zina ukungu?" Kabla sijafungua mdomo kashafika kwenye menyu, kashaweka kamili. Nilimwondoa kwenye kiti kwa sikio. Nimemfungulia akaunti yake, jina lake na nywila yake, azinoe humo herufi mpaka zimkate vidole.

Fundi simu kaniulizia lenzi mara mbili. Nimemwambia Jumatatu, kuna kitu nataka kukiangalia kwenye karatasi za printa.